Panzi: hospitali iliyogundua kwamba kumtibu mama peke yake hakutoshi

BUKAVU, Kivu ya Kusini – Katika vijiji vya Walungu, Kalehe, Mwenga au Shabunda, ugonjwa wa mama mmoja unatosha kuwaondoa watoto wote shuleni. Mbuzi ndiye anayeuzwa kwanza. Kisha linafuata shamba, linalowekwa rehani kwa jirani mwenye pesa. Franka zikiisha, msichana mkubwa wa nyumba anaachishwa masomo ili apike, achote maji na kubeba wadogo zake mgongoni. Mama akipona, jamaa inabaki bila mbuzi na bila shamba, na yule msichana mara nyingi harudi tena darasani.

Mzunguko huo ndio ambao hospitali kuu ya Panzi, katika mtaa wa Ibanda mjini Bukavu, pamoja na wakfu unaobeba jina lake, wamekuwa wakijaribu kuukata kwa zaidi ya miaka 25. Wengi duniani wanaijua Panzi kwa jambo moja tu: matibabu ya wanawake waliobakwa vitani, kazi iliyompatia Daktari Denis Mukwege tuzo ya amani ya Nobel mwaka 2018, pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Jambo hilo ni la kweli, ila linafunika lingine. Panzi ilijengwa ili wamama wasife wakati wa kuzaa. Na kadiri miaka ilivyopita, waganga wake walijikuta wanashughulika na mambo ambayo hayafundishwi katika chuo cha udaktari: daftari za watoto, vyerehani, mikopo midogo, mawakili.

Ili kuelewa ilivyofika hapo, ni lazima kupanda hadi Lemera.

Chanzo ni milimani

Lemera iko katika wilaya ya Uvira, juu ya bonde la Ruzizi. Hospitali ya huko ilianzishwa na wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi, na kwa muda mrefu ilikuwa tegemeo la wakulima na wafugaji wa milima hiyo. Mukwege, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1955, alifika hapo mwaka 1983 akitoka kumaliza masomo ya udaktari Bujumbura, nchini Burundi. Baba yake alikuwa mchungaji. Mara nyingi ameeleza kwamba alipokuwa mtoto alimfuata baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa, akashangaa kuona hakuna dawa iliyotolewa, na baba akamjibu kwamba kazi ya dawa ni ya waganga. Kwa hiyo alitaka kuwa mganga wa watoto.

Lemera ilimgeuza njia. Wamama walikuwa wanafika baada ya siku nzima, wengine siku kadhaa, wakibebwa kwa kipoyi na wanaume wa kijiji waliokuwa wanapokezana mabegani. Wengine walifika mtoto ameshafia tumboni. Wengine hawakufika. Kijana huyo akaenda Angers, nchini Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi, na mwaka 1989 akarudi Lemera, jambo ambalo waganga wengi wa kizazi chake waliopata nafasi ya Ulaya hawakulifanya.

Tarehe 6 Oktoba 1996, mwanzoni mwa vita vilivyomwondoa Mobutu, watu wenye silaha waliivamia hospitali hiyo. Wagonjwa waliuawa vitandani, na wauguzi pia. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha. Mauaji hayo yameandikwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa inayojulikana kama ripoti ya Mapping, iliyotolewa Oktoba 2010, inayoeleza uhalifu uliotendeka nchini kati ya 1993 na 2003. Mukwege hakuwepo hospitalini siku hiyo. Alikimbilia Nairobi, kisha akarudi Bukavu, akaanza upya kidogo kidogo huduma ya uzazi. Mwaka 1998 vita vya pili vikaharibu kila kitu. Mwaka 1999 akaanza tena, safari hii Panzi, chini ya kanisa la CEPAC na kwa msaada wa wafadhili wa Uswidi.

Hesabu ilikuwa rahisi: chumba cha kuzalishia, chumba cha upasuaji, wamama wasife tena. Lakini mgonjwa wa kwanza kupokelewa hakuwa mama mwenye mimba. Alikuwa mwanamke aliyebakwa na kisha kupigwa risasi sehemu za siri. Mukwege alilikumbusha jambo hilo Oslo, tarehe 10 Desemba 2018, alipokuwa anapokea tuzo ya Nobel. Wengine walimfuata mgonjwa huyo wa kwanza, kwa makumi, kisha kwa maelfu. Leo wanaohesabiwa ni makumi ya maelfu.

Tundu dogo linalovunja nyumba

Kuna ugonjwa mmoja ambao unaeleza kazi ya Panzi kuliko hotuba yoyote: fistula.

Inakuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni ubakaji wa kikatili, na ndiyo iliyofanya Bukavu ijulikane vibaya ulimwenguni. Ya pili haina askari wala silaha, na ndiyo ya zamani zaidi. Msichana au mama ana uchungu wa kuzaa, mtoto hapiti, na kituo cha afya kiko mbali au hakina mtu wa kufanya upasuaji. Uchungu unaendelea siku mbili, siku tatu. Kichwa cha mtoto kinakandamiza kibofu cha mkojo kwenye mfupa wa nyonga, damu haipiti tena katika nyama hiyo, nyama inakufa, na baada ya siku chache tundu linafunguka. Mara nyingi mtoto anazaliwa amekufa. Mama anaishi, ila mkojo unatoka wenyewe usiku na mchana, na wakati mwingine choo pia.

Kinachofuata hakimo katika vitabu vya udaktari. Harufu. Bwana anayehamia chumba kingine, kisha nyumba nyingine. Majirani wanaonong'ona kwamba amerogwa, au kwamba ni adhabu ya uzinzi. Kanisani anakaa nyuma karibu na mlango, halafu haendi tena. Sokoni hakuna anayenunua mihogo yake. Kuna wanawake walioishi hivyo miaka 10, hata 20, bila kujua kwamba ugonjwa wao una jina na kwamba unashonwa.

Maana unashonwa. Mganga aliyezoea kazi hii anaziba tundu kwa upasuaji ambao mara nyingi hauhitaji hata kupasua tumbo. Mgonjwa anabaki na mpira wa mkojo kwa muda wa wiki mbili hivi, kibofu kipumzike na kidonda kishike. Akitoka, hatakiwi kubeba mzigo mzito kwa miezi kadhaa. Hata mimba inayofuata isizaliwe kwa njia ya kawaida. Ni lazima apasuliwe, la sivyo tundu linaweza kufunguka tena. Wengi wanapona kwa upasuaji wa kwanza. Wengine, hasa waliojeruhiwa vibaya sana, wanarudi mezani mara mbili, tatu na zaidi.

Panzi haiwalipishi wagonjwa wa fistula wala wahanga wa ubakaji. Mashirika kama Fistula Foundation la Marekani yamekuwa yakilipia sehemu ya upasuaji huo. Na kwa kuwa wagonjwa wa Shabunda au wa pembe za mwisho za Fizi hawana njia ya kufika Bukavu, timu za waganga zimekuwa zikifunga mizigo na kwenda kushona huko huko, katika hospitali za vijijini, huku zikifundisha waganga wa mahali.

Soma tena ile sharti ya kutobeba mzigo mzito. Kwa mtu wa ofisi ni maneno ya kawaida. Kwa mwanamke wa Kivu, anayeamka saa kumi na moja, kuchukua jembe, kurudi na kuni au gunia la mihogo lililofungwa kwa kamba kwenye paji la uso, ni kama kumwambia asile kwa miezi hiyo. Kuna wanaolala kitandani Panzi wakiwa wamepona kabisa, lakini hawana mahali pa kwenda: bwana ameoa mwingine, shamba lilikuwa la bwana, na watoto wako kwa bibi. Waganga walikuwa wanawashona, wanawaruhusu, na baada ya miezi wanawaona wakirudi, mara hii na utapiamlo, au wamebakwa tena njiani.

Nguzo nne

Kutokana na hayo kukazaliwa kile ambacho Panzi inakiita mfumo wa nguzo nne. Nguzo ya kwanza ni matibabu ya mwili. Ya pili ni ya moyo na akili: mama anapokelewa na mtu mmoja, mara nyingi mwanamke mwenzake aliyefundishwa kusikiliza, ambaye anabaki naye tangu siku ya kuingia hadi ya kutoka, ili asisimulie habari yake upya mbele ya kila mlango. Ya tatu ni haki: mawakili wanamweleza anachoweza kudai, na akikubali wanafungua kesi. Ya nne ni kurudi katika maisha, yaani kazi, shule na mahali pa kulala. Zote nne zinapatikana chini ya paa moja, asiwe na haja ya kuzunguka mji mzima na karatasi mkononi.

Wakfu wa Panzi uliundwa mwaka 2008 ili kubeba yale ambayo hospitali peke yake haiwezi. Mfumo huo umepelekwa pia vijijini, kwa mfano Mulamba katika wilaya ya Walungu na Bulenga kando ya ziwa Kivu, ili mama asilazimike kusafiri hadi mjini kutafuta kile ambacho angeweza kupata karibu na shamba lake. Mwaka 2011 ilifunguliwa Bukavu pia Cité de la Joie, au Mji wa Furaha, iliyoanzishwa pamoja na mwandishi wa Marekani Eve Ensler na kuongozwa na Christine Schuler Deschryver. Huko wanawake 90 wanakaa kwa miezi sita, wanajifunza, wanapata nguvu, kisha wanarudi kwao.

Nyumba ya Dorcas

Nguzo ya nne ina anwani yake: Maison Dorcas. Wasomaji wa Biblia wanajua jina hilo linatoka wapi. Katika Matendo ya Mitume, Dorcas ni yule mwanamke wa Yafa aliyekuwa anashonea wajane nguo, na alipokufa wajane walisimama wakilia na kuonyesha kanzu alizowatengenezea. Jina limechaguliwa vizuri, maana kazi ya kwanza inayoonekana hapo ni vyerehani.

Wanawake na wasichana wanajifunza kushona, kufuma vikapu, kutengeneza sabuni. Lakini kabla ya hayo yote, wengi wanaanza na kalamu. Mwanamke ambaye hakuwahi kukaa kwenye benchi la shule anafundishwa kuandika jina lake, kisha kuhesabu. Hili linaweza kuonekana dogo mbele ya chumba cha upasuaji. Si dogo. Asiyejua kusoma anaweka kidole kwenye karatasi ya kuuza shamba akiambiwa ni karatasi ya msaada. Anauza sabuni yake bila kujua kama amepata faida. Hawezi kusoma tarehe ya kurudi hospitalini iliyoandikwa kwenye fishi yake.

Kisha kuna watoto. Wamama wengi wanafika nao, wengine wakiwa wamezaliwa kutokana na ubakaji, na hao ndio wanaobeba mzigo mzito kuliko wote kijijini, kwa majina wanayoitwa na kwa sahani wanayonyimwa. Tangu mwanzo ilionekana kwamba mama hatulii kujifunza kushona akijua mwanawe anazurura. Kwa hiyo masomo ya watoto yaliingia katika kazi ya hospitali, jambo ambalo halikuwa katika mpango wa mtu yeyote mwaka 1999.

Kwenye karatasi, jambo hilo lingepaswa kuwa limekwisha. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali, na tangu Septemba 2019 serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilianza kukitekeleza. Hilo ni pamoja na shule zinazoongozwa na makanisa chini ya mkataba uliotiwa saini na serikali mwaka 1977, ambazo ndizo nyingi zaidi vijijini. Wazazi waliokuwa wanalipa motisha ya walimu kila mwezi walipumua. Watoto wakamiminika, na katika shule nyingi darasa moja likajaa hadi wengine kukaa chini.

Ila bure ina mipaka yake, na kila mzazi wa Kivu anaijua. Bleu-blanc si ya bure. Daftari, kalamu na viatu si vya bure. Na mtoto akimaliza msingi, sekondari inaanza na malipo yake, wakati huo huo ambapo msichana wa miaka 13 au 14 anaanza kuonekana machoni mwa wanaume kama mtu wa kuolewa. Akiolewa akiwa na umri huo na kushika mimba, nyonga yake haijamaliza kukua. Hapo ndipo tunapoirudia ile fistula ya njia ya pili. Kwa waganga wa Panzi, kumlipia msichana huyo sekondari si sadaka ya pembeni. Ni kinga, kama chanjo.

Visanduku vitatu

Kati ya yote ambayo wanawake wanaondoka nayo, kimoja hakigharimu wafadhili karibu chochote: MUSO, yaani chama cha kusaidiana. Si uvumbuzi wa Panzi. Mashirika mengi ya Kivu yanautumia, na kila mtu aliyewahi kucheza likelemba anaelewa haraka. Tofauti ni kwamba likelemba inampa mmoja pesa zote kwa zamu, na MUSO inazigawa katika visanduku.

Wanachama wanakutana mara moja kwa wiki. Kisanduku cha kijani ni cha mikopo: mama anachukua kidogo, ananunua chumvi, mafuta ya mawese au samaki kavu, anauza, anarudisha na faida ndogo. Kisanduku chekundu ni cha msiba: ugonjwa, kifo, nyumba kuungua. Pesa zake hazirudishwi. Kisanduku cha buluu ni cha pesa zinazotoka nje, kama benki au shirika likikubali kukikopesha kikundi kilichoonyesha kwamba kinajua kuhesabu. Wanaandika kila kitu katika daftari, na ndiyo sababu masomo ya kuandika yanakuja kwanza.

Uzito uko katika kile chekundu. Katika nchi hii, sehemu kubwa ya gharama za matibabu inatoka katika mfuko wa mgonjwa mwenyewe, papo hapo. Si siri kwamba kuna vituo na hospitali ambako mama aliyezaa anazuiliwa na mtoto wake hadi jamaa ilete pesa, wiki baada ya wiki, huku deni la kitanda likiongezeka. Mpango wa serikali wa uzazi wa bure, uliozinduliwa Kinshasa Septemba 2023 na kisha kupelekwa katika majimbo mengine, unataka kuimaliza tabia hiyo. Mahali ambapo haujafika, au ambapo kituo hakijalipwa na serikali, kisanduku chekundu ndicho kinachomtoa mama. Kinamlipia pia motari usiku, kabla uchungu haujafika siku ya pili.

Nanasi za Idjwi

Wanaosema kwamba wanavijiji wanapokea tu msaada bila kutoa chochote wangefaa kukumbuka yaliyotokea mwishoni mwa mwaka 2012.

Tarehe 25 Oktoba mwaka huo, watu wenye silaha waliingia nyumbani kwa Mukwege mjini Bukavu na kuwashika mateka watoto wake. Mlinzi aliyekuwa akimfanyia kazi kwa miaka mingi alijaribu kumuonya, akauawa. Mganga mwenyewe aliponea chupuchupu. Akaondoka nchini na jamaa yake, na wengi Bukavu waliamini kwamba hatarudi.

Wanawake wa kisiwa cha Idjwi, katikati ya ziwa Kivu, waliandika barua. Walimwandikia Rais wa Jamhuri, wakamwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Hawakupata jibu la kuwaridhisha. Basi wakachukua walichokuwa nacho, nanasi na vitunguu, wakauza, na kuanza kuchanga pesa za tiketi ya ndege. Wengi wao ni wakulima ambao hawafikishi dola moja kwa siku. Walisema pia kwamba wakiona serikali haimlindi, watamlinda wenyewe kwa zamu.

Mukwege amesema hadharani kwamba hakuweza kuwapinga wanawake hao. Alirudi tarehe 14 Januari 2013. Kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu hadi mjini, umbali wa kilomita 30 hivi, watu walisimama kando ya barabara kumpokea, na nanasi na vitunguu vilikuwepo. Baada ya hapo aliishi kwa miaka mingi kwa sehemu kubwa ndani ya hospitali, chini ya ulinzi.

Hadithi hiyo inapendwa sana nje ya nchi, na inasimuliwa kama ngano nzuri. Hapa Kivu inasomwa tofauti kidogo. Wanawake wa Idjwi walipiga hesabu. Walijua ni nani aliyekuwa anawashonea binti zao bila kuwauliza pesa, na walijua gharama ya kumkosa.

Nani analipa kesho?

Hapa kuna swali ambalo wasifu wa Panzi hauwezi kulifunika. Hospitali inayotegemea ukarimu wa Stockholm, Brussels au Washington iko katika mikono ya uchaguzi wa watu wengine. Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake mingi ya nje, na mashariki mwa Congo hilo lilionekana haraka katika kabati za dawa, pamoja na zile za kuwakinga waliobakwa na virusi vya ukimwi, ambazo ni lazima zimezwe kabla saa 72 kupita. Ilitokea wakati mbaya kuliko wote: Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, na Bukavu katikati ya Februari. Benki zilifungwa. Watu waliokuwa kambini wakasukumwa barabarani tena.

Nchi za Afrika, Congo ikiwemo, ziliahidi Abuja mwaka 2001 kuweka angalau asilimia 15 ya bajeti zao katika afya. Kinshasa haijawahi kukaribia kiwango hicho kwa namna ya kudumu. Makanisa na mashirika yanaziba pengo, nayo yanaziba vizuri kiasi kwamba viongozi wanaweza kusahau pengo ni la nani. Baadhi ya watu wa mashirika ya kiraia wanalisema wazi: kila msichana anayelipiwa sekondari na wakfu ni msichana ambaye serikali imeepuka kumlipia. Wanaofanya kazi vijijini wanajibu kwamba msichana huyo ana miaka 13 mwaka huu, hawezi kusubiri bajeti ya mwaka ujao. Pande zote mbili zina haki, na ndiyo maana mabishano hayo hayaishi.

Mukwege mwenyewe amekuwa akisema kwa miaka mingi kwamba upasuaji hautamaliza tatizo ambalo chanzo chake ni vita, uporaji wa madini na ukosefu wa haki. Mwaka 2023 aligombea urais, akitoka katika blauzi ya mganga kuingia katika siasa, kura hazikumfuata. Ripoti ya Mapping, inayotaja Lemera kati ya mamia ya mahali pengine, bado haijazaa mahakama anayoidai.

Katika vyumba vya fistula, mambo yanahesabiwa kwa njia nyingine. Mwanamke aliyeshonwa anaambiwa kabla ya kutoka kwamba akishika mimba tena asingoje uchungu nyumbani. Aje mapema, wiki kadhaa kabla, akae karibu na chumba cha upasuaji. Kwa mkaaji wa Shabunda hiyo ina maana ya safari ambayo barabara yake katika msimu wa mvua haipitiki, na ndege ambayo bei yake inazidi mavuno yake. Anasikiliza, anakunja karatasi, anaifunga katika kona ya kitenge. Wengine wanauliza swali moja tu kabla ya kuondoka: kama kuna kituo kingine kilicho karibu zaidi na kwao ambacho kina mtu anayejua kupasua.

Jibu linategemea kijiji anachotoka, na kama timu imeshapita huko.